Akiba ya Maarifa

Mkulima mwenye busara hangoji njaa iingie nyumbani ndipo atafute mbegu. Siku za mavuno huchagua mahindi yaliyo mema, huyatundika juu ya moshi wa jikoni, nayo hukaa huko mpaka mvua inyeshe tena. Jirani yake aweza kumcheka na kusema, "Chakula ni tele, mbona wajinyima?" Lakini ujapo mwaka wa ukame, jirani huyo ndiye atakayebisha hodi mlangoni. Ndiyo sababu wazee walisema: Akiba haiozi.

Iko akiba nyingine isiyowekwa ghalani wala juu ya moshi. Nayo ni akiba ya maarifa, yaani kujua kabla ya siku ya hatari jambo litakalompasa mtu kulitenda siku hiyo. Akiba hii haina uzito, haili nafasi, wala mwizi hawezi kuichukua. Lakini ina sharti moja: haikopeki. Aliyekosa mahindi aweza kukopa kwa jirani. Aliyekosa maarifa wakati nyumba inaungua hana nafasi ya kwenda kuyakopa.

Somo hili laeleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoiweka akiba hii kwa ajili ya hatari moja ya baharini. Wengine waliipata katika hadithi za bibi zao, wengine katika kitabu, wengine katika somo la darasani. Kisha laeleza jinsi mtoto wa leo awezavyo kuiweka, hata kwa njia ya intaneti, pasipo kudanganywa.

1. Bahari inapoinuka

Hatari yenyewe huitwa tsunami. Neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Mawimbi ya kila siku huletwa na upepo, nayo hutikisa maji ya juu tu. Mzamiaji akishuka chini hukuta bahari imetulia. Tsunami si hivyo. Mara nyingi huanza kwa tetemeko la nchi chini ya bahari. Sakafu ya bahari huinuka au hushuka kwa ghafula, na maji yote yaliyo juu yake, tangu chini hata juu, husukumwa pamoja.

Katika kilindi wimbi hilo hukimbia upesi kama ndege, yaani kilometa 700 au zaidi kwa saa moja. Hata hivyo kimo chake huko huenda kisifike meta moja, na mabaharia walio katika meli hawalitambui. Likikaribia pwani, ambako maji ni haba, mbele yake hupunguza mwendo, na maji ya nyuma huja kwa kasi na kujirundika juu yake. Hapo ndipo liwapo kama ukuta, au kama mto uliofurika usio na mwisho.

Wakati mwingine, kabla ya kupanda, bahari hurudi nyuma na kuacha samaki na miamba wazi. Asiyejua hukimbilia chini kuokota samaki, naye aliye na maarifa hukimbilia mlimani. Wakati mwingine bahari hairudi nyuma kabisa, bali huja tu. Tena wimbi si moja. Huja mengi, kwa kupishana dakika kadhaa au hata saa nzima, na la pili au la tatu laweza kulishinda la kwanza.

2. Neno moja la Simeulue

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa mbili asubuhi kwa saa za huko, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra katika nchi ya Indonesia. Nguvu yake ilipimwa ikaonekana kuwa 9.1. Mawimbi yaliyotoka hapo yaliua watu wapatao 230,000 katika nchi nyingi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Wakati ule bahari hiyo haikuwa na mpango wo wote wa kuzionya nchi zake juu ya tsunami.

Upande wa magharibi wa Sumatra kiko kisiwa kidogo kiitwacho Simeulue. Kilikuwa karibu sana na mahali tetemeko lilipoanza, na huko kaskazini mwa kisiwa wimbi lilifika kabla robo saa haijapita. Kisiwa kilikuwa na watu wapata 78,000. Nyumba nyingi zilibomolewa, na vijiji vingine vikafutika kabisa. Lakini watu waliokufa walikuwa 7 tu.

Mtu aweza kuuliza: waliokoka kwa mashine gani? Hawakuwa na mashine. Walikuwa na neno moja, nalo ni "smong". Mwaka 1907 wimbi kama hilo lilikipiga kisiwa kile likaua watu wengi. Waliosalia waliamua kwamba wajukuu wao wasife kwa kutojua, wakalipa jambo lile jina lake. Tangu hapo mabibi waliwasimulia watoto, na akina mama waliliimba wakiwabembeleza wachanga: nchi ikitikisika kwa nguvu, na bahari ikirudi nyuma, usingoje, kimbia mlimani. Yalipita miaka 97. Karibu wote walioliona wimbi la 1907 walikuwa wamekwisha kufa. Lakini nchi ilipotikisika, watu walipiga kelele neno lile lile, wakawabeba watoto na wazee, wakapanda vilima. Maji yalipofika yalikuta nyumba tupu.

Ng'ambo ya pili, katika pwani ya Sumatra yenyewe, watu wengi hawakuwa wamerithi hadithi hiyo. Katika Indonesia walikufa watu zaidi ya 150,000.

3. Somo la majuma mawili

Siku ile ile, katika kisiwa cha Phuket, nchi ya Thailand, alikuwapo mtoto wa Kiingereza jina lake Tilly Smith, mwenye umri wa miaka 10. Alikuja likizoni pamoja na baba yake, mama yake na mdogo wake wa kike. Majuma mawili kabla ya hapo, shuleni kwao Uingereza, mwalimu wa jiografia aliwafundisha habari za tsunami, akawaonyesha na picha za sinema za wimbi lililopiga visiwa vya Hawaii mwaka 1946.

Asubuhi hiyo walikuwa wakitembea katika pwani ya Maikhao. Tilly akaona bahari inakuja, inakuja, wala hairudi, na juu yake pana povu linalochemka. Wakubwa waliona povu tu. Yeye aliona picha aliyoonyeshwa darasani. Akawaambia wazazi wake kwamba tsunami inakuja. Hawakusadiki mara moja, maana bahari ilikuwa na jua zuri na hapakuwa na wimbi lo lote la kutisha. Akazidi kupaza sauti. Mwishowe baba yake akamsikia, akamwambia mlinzi wa hoteli, na watu wapata 100 wakaondolewa ufukoni. Muda mfupi baadaye maji yakaingia. Pwani ya Maikhao ni mojawapo ya pwani chache za kisiwa kile ambazo hakufa mtu.

Yafaa kulitazama jambo hili vizuri. Kwanza mwalimu alifundisha. Pili mtoto alisikiliza, akakumbuka. Tatu mtu mzima alikubali kumsikia mtoto. Kama moja katika hayo matatu lingalikosekana, huenda wengi wangalikufa. Mtoto mwenye adabu huwaheshimu wakubwa. Lakini adabu haimkatazi kusema aonapo moto katika paa.

Mawimbi ya siku ile hayakukoma huko Asia. Yalivuka bahari nzima, yakafika Somalia baada ya saa saba hivi, yakaua watu karibu 300, hasa katika pwani ya Hafun. Tanzania walikufa watu kumi hivi, na Kenya mtu mmoja. Huko Kenya habari zilitangulia kufika kwa njia ya redio na televisheni, na wakuu wakawaondoa watu katika pwani nyingi kabla maji hayajapanda. Hivyo ilionekana kwamba habari ikitangulia hatari, hata kwa saa chache, huokoa roho za watu. Na mahali isipofika, bahari hufika peke yake.

4. Moto wa mabua

Katika nchi ya Japani matetemeko ni mengi, na watoto wa huko walifundishwa habari za tsunami katika kitabu cha kusomea, kama hiki. Tangu mwaka 1937 hata 1947 kitabu cha darasa la tano kilikuwa na hadithi iliyoitwa Moto wa Mabua ya Mpunga.

Hadithi yenyewe yasema kwamba mzee mmoja aliishi juu ya kilima. Jioni moja nchi ilitikisika polepole, wala watu wa kijijini hawakujali, kwa kuwa walikuwa wakijitayarisha kwa sikukuu ya mavuno. Mzee akatazama baharini, akaona maji yanakimbia nyuma. Hakuwa na nafasi ya kutuma mjumbe. Basi akatwaa mwenge, akatia moto mpunga wake wote uliovunwa. Watu walipoona moto walipanda kilima mbio waje kuuzima, na walipokwisha kufika wote, bahari ilikimeza kijiji nyuma yao. Mali ya mwaka mzima iliteketea, lakini hakufa mtu.

Mtu huyo alikuwako kweli. Jina lake ni Hamaguchi Goryo, na jambo hilo lilitukia katika kijiji cha Hiro mwezi wa Desemba 1854. Lakini hadithi na historia hazilingani kila mahali. Hamaguchi hakuwa mzee; alikuwa mtu wa miaka 34. Hakuishi kilimani bali kijijini. Tetemeko halikuwa la polepole bali kali sana. Naye aliwasha mabua usiku, baada ya wimbi la kwanza, ili watu waliokuwa wakihangaika gizani waone njia ya kupanda mahali palipoinuka. Kisha akafanya kazi iliyo kubwa kuliko moto ule: alitumia mali yake kujenga boma la udongo kando ya bahari, lenye urefu wa meta 600 na kimo cha meta 5, na watu wa kijiji waliopoteza vyote walilipwa ujira kwa kulijenga. Kazi hiyo ilichukua miaka minne hivi. Mwaka 1946 tsunami nyingine ilipokuja, yeye alikwisha kufa zamani, lakini boma lake liliilinda sehemu kubwa ya kijiji. Kwa kumbukumbu ya tendo lile la 1854, Umoja wa Mataifa mwaka 2015 uliiweka tarehe 5 Novemba kuwa siku ya kuwakumbusha watu wote duniani habari za tsunami.

Mwanafunzi asidhani kwamba hadithi ile ni bure kwa sababu imebadilishwa. Iliwafundisha watoto wengi kuitazama bahari baada ya tetemeko. Lakini aliye na busara huuliza pia, "Ndivyo ilivyokuwa kweli?" Maana anayesoma hadithi peke yake aweza kudhani kwamba tetemeko la polepole ndilo tu la kuogopwa, na anayesoma historia ya 1854 peke yake aweza kudhani kwamba la polepole halidhuru. Yote mawili ni makosa. Mwaka 1896, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, nchi ilitikisika kidogo tu, na watu wengi hawakukimbia. Baada ya nusu saa hivi bahari ikaja, wakafa watu wapata 22,000.

5. Shule mbili

Tarehe 11 Machi 2011 pwani hiyo hiyo ya kaskazini-mashariki ilipigwa tena. Katika mji wa Kamaishi walikufa au kupotea watu zaidi ya 1,000. Lakini wanafunzi wa shule za mji ule, wapata 3,000, karibu wote waliokoka.

Kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo, mwalimu wa chuo kikuu jina lake Katada Toshitaka alikuwa akizifundisha shule za Kamaishi mambo matatu. La kwanza: usiiamini ramani kupita kiasi, maana hatari yaweza kuizidi. La pili: fanya yote uwezayo hata mwisho. La tatu: uwe wa kwanza kukimbia, na wengine watakufuata. Watoto hawakuyaandika tu katika madaftari. Walitembea njia za kupanda mlimani, wakazihesabu dakika, wakazoea.

Shule moja ya sekondari na shule moja ya msingi zilikuwa zimejengwa karibu karibu. Ramani ya hatari ilionyesha kwamba maji hayatazifika. Nchi ilipotikisika umeme ukakatika, na chombo cha kutangazia habari hakikutoa sauti. Wanafunzi wakubwa hawakungoja kutangaziwa. Walitoka mbio, na wadogo walipowaona wakawafuata. Wakafika mahali palipowekwa kuwa pa kukusanyikia, lakini wakaona ukingo wa mlima umeanza kuporomoka. Hawakusema, "Hapa ndipo tulipoagizwa." Walipanda zaidi, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Muda si muda, shule zote mbili zikazama, na mahali pale pa kwanza pakafunikwa na maji.

Siku hiyo hiyo, katika shule nyingine iliyo mbali na hapo, mambo yalikuwa mengine. Shule ile nayo ilikuwa na karatasi ya maagizo. Iliagiza kwamba tsunami ikija watoto wapelekwe uwanjani au mahali pa wazi, lakini haikutaja ni uwanja upi wala ni mahali gani. Watoto walisimama nje karibu dakika 50, wakubwa wakishauriana waende wapi, ingawa palikuwa na kilima karibu. Wakafa watoto 74 na walimu 10. Baadaye mahakama zilisema kwamba maagizo yale hayakutosha.

Wale watu hawakuwa wavivu wala wabaya. Walikuwa na karatasi. Hawakuwa na njia waliyokwisha kuitembea. Maarifa yaliyo katika karatasi tu ni kama mbegu iliyo katika gunia: ni njema, lakini haijaota.

6. Kujifunza kwa njia ya intaneti

Zamani mtoto alijifunza kwa bibi, kwa mwalimu, au kwa kitabu. Siku hizi iko na njia ya nne. Mtu mwenye simu iliyounganishwa na intaneti aweza kusoma au kutazama, kwa muda wa saa moja, namna ya kuzima moto wa mafuta, kusafisha maji, kufunga jeraha, au kujiokoa katika mafuriko. Ni hazina kubwa. Lakini ghala hilo halina mlinzi mlangoni. Kila mtu huingia na kuweka apendacho, mahindi mema pamoja na yaliyooza. Basi mwenye kuchukua humo yampasa kuwa na vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza: Nani asemaye? Mtu hununua dawa kwa mganga anayejulikana, si kwa mpita njia. Maneno ya idara ya hali ya hewa, ya wizara ya afya, ya Chama cha Msalaba Mwekundu, au ya Shirika la Afya Duniani, yana mwenye kuulizwa yakiwa na kosa. Maneno yaliyotumwa tena na tena pasipo jina la mtu hayana mwenyewe.

Kipimo cha pili: Je, wajuzi wengine wasema vile vile? Ziko picha nyingi zinazoonyesha kwamba aliyeumwa na nyoka achanjwe kwa wembe, au damu ifyonzwe kwa kinywa, au mguu ukazwe kwa kamba. Picha hizo hupendeza kutazama, lakini waganga wa hospitali husema kinyume: mgonjwa atulizwe, asitembee bila lazima, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, avuliwe pete na vitu vinavyobana, apelekwe hospitali upesi. Vivyo hivyo aliyeungua moto hushauriwa apakwe mafuta au dawa ya meno. Lakini ushauri ulio sahihi ni kumwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Afadhali mtu kuulizia mara tatu leo kuliko kuua mara moja kesho.

Kipimo cha tatu: Je, maarifa haya ni ya mahali hapa? Shauri la kuishi katika theluji halimfai mtu wa Tanga, wala shauri la pwani halimfai mtu wa mlimani, ambaye hatari yake ni maporomoko ya udongo. Shule iliyokuwa na karatasi isiyotaja kilima chake ni mfano wa kutosha. Ajifunzaye atazame nje ya dirisha, aulize: Hapa petu, mlima ni upi? Mto hufurika mpaka wapi? Wazee hukumbuka nini?

Kipimo cha nne: Je, maarifa haya yameingia mikononi na miguuni? Siku ya maafa umeme hukatika, minara ya simu huanguka, na intaneti hunyamaza. Anayesema, "Nitatazama siku hiyo," amejenga kisima chake katika nyumba ya mtu mwingine. Somo jema linakiliwe katika karatasi, libandikwe ukutani, kisha litendwe: jamaa watembee njia ya kukimbilia, wapatane mahali pa kukutana, na kila mtoto ajue kwa moyo nambari ya simu ya mtu mmoja wa jamaa aliye mbali.

7. Mambo ya kukumbuka pwani

Tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa habari za tsunami kwa nchi za Bahari ya Hindi, na idara za hali ya hewa za kila nchi huwapelekea watu wake onyo. Lakini bahari yenyewe pia hutoa onyo, nalo lina dalili tatu: nchi kutikisika kwa nguvu, au kwa muda mrefu hata kama si kwa nguvu; bahari kurudi nyuma au kupanda isivyo desturi; na ngurumo kubwa itokayo baharini. Dalili moja yatosha.

Aonaye dalili asisubiri kutangaziwa. Aende kwa miguu mahali palipoinuka au mbali na pwani, awaite wengine huku akienda, asirudi kuchukua mali. Akaapo juu, asishuke baada ya wimbi la kwanza, bali angoje mpaka wakuu waseme kwamba hatari imekwisha.

Na kwa hatari zote, za pwani na za bara, nyumba yenye busara huweka mahali pamoja maji safi ya kunywa yaliyofunikwa, chakula kisichoharibika upesi, tochi, filimbi ya kuitia msaada, dawa za mgonjwa aliye nyumbani, na hati muhimu katika mfuko usioingia maji. Gharama yake si kubwa, nayo kazi ya kuyakusanya ni ya jioni moja tu. Lakini hufanywa leo, kwa maana kesho haina mdhamini.

MASWALI

1. Wimbi la upepo na tsunami hutofautianaje?
2. Watu wa Simeulue waliwekaje akiba yao ya maarifa, na ilikaa miaka mingapi kabla ya kutumiwa?
3. Taja mambo matatu yaliyowaokoa watu wa pwani ya Maikhao. Lipi laonekana kuwa gumu zaidi? Kwa nini?
4. Hadithi ya Moto wa Mabua yahitilafiana na historia katika mambo gani? Kwa nini yafaa kuyajua yote mawili?
5. Zile shule mbili za Kamaishi na ile shule nyingine zote zilikuwa zimepewa maagizo. Tofauti yao ilikuwa nini?
6. Mtafute mzee wa kijiji chenu, umwulize habari za mafuriko, moto, njaa au tetemeko alilolikumbuka. Andika aliyoyasema, kisha uyapime kwa vipimo vinne vya somo hili.
7. Chora ramani ya njia itokayo shuleni kwenu kwenda mahali pa usalama. Itembee pamoja na wenzako, mkahesabu dakika.